Tuko saba, IST haituenei: tununue gari gani kwa milioni 38?

Shikamoo Mzee wa Gereji.

Mimi ni nesi, naishi Uyole hapa Mbeya na mume wangu, watoto wetu wanne na mama mkwe. Mume wangu ana duka la pembejeo Mwanjelwa. Tuna IST ya mwaka 2004 ambayo haijawahi kutulaza njiani, ila sasa haituenei. Mtoto wa kwanza ana miaka 14 na ameshampita baba yake kwa urefu, wa pili ana 11, wa tatu 7, wa mwisho 3. Jumapili tukienda ibadani mmoja anapakatwa, mwingine anabanwa mlangoni kama kondakta, na mama mkwe mwenye magoti mabovu tunaanza kumpandisha wakati wengine bado wanavaa viatu. Trafiki wa Nane Nane wametusamehe vya kutosha.

Safari zetu ni hizi. Kila siku Uyole hadi mjini na kurudi. Kama mara mbili kwa mwezi tunakwenda shambani kwa mama mkwe, mbele ya Tukuyu, na ukiacha lami kuna kipande cha barabara ya udongo ambacho mwezi wa nne hata bodaboda wanakiogopa. Mwezi wa kumi na mbili tunakwenda kwetu Iringa kwa wazazi wangu, wote saba na mizigo.

Tumejichanga tukapata milioni 38. Sitaki kuficha: milioni 24 kati ya hizo ni zangu, za kikoba na za kuku wa mayai. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ameleta habari ya Kluger ya mwaka 2003, V6, viti saba, namba D, imetembea kilomita 92,000. Dalali wa Kabwe anaiuza milioni 21, na anampigia shemeji simu asubuhi, mchana na jioni. Mume wangu yeye hataki kabisa gari lililotumika. Anasema tuchukue jipya la viti saba kwa wakala Dar es Salaam, fedha yetu iwe kianzio, iliyobaki benki itukopeshe kwa miaka mitano, kwa sababu gari jipya halijui fundi. Mimi nilitaka tuagize Toyota Vanguard Japan. Wenzangu kazini wameagiza, na kampuni niliyoiuliza imesema milioni 37 mpaka linafungwa namba.

Nikisema hayo shemeji anacheka, eti mwanamke anachagua gari kwa rangi. Mume wangu hacheki, ila anasema gari ni la baba mwenye nyumba na kadi itaandikwa jina lake. Nisaidie, Mzee. Tununue lipi? Na hiyo kadi nifanyeje?

Mama Wanne, Uyole

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako yote sijaona rangi hata moja. Habari ya shemeji yako ndiyo imeanza na V6 na kumalizika bila neno breki. Basi anayechagua kwa macho tumemjua, tuendelee.

Kabla ya kutaja gari lolote tuwapange watu kwenye viti, maana wengi wananunua viti saba bila kuuliza nani atakaa cha saba. Gari la viti saba likibeba watu saba limejaa, na buti limekwisha. Kwenye Vanguard, kiti cha tatu kikisimamishwa, nyuma yake panabaki nafasi ya mabegi machache ya shule na mwavuli. X-Trail ya viti saba ni hivyo hivyo. Kluger ina nafuu ndogo. Debe la maparachichi linaingia, la pili linataka kupakatwa. Kwa hiyo safari yenu ya Iringa itahitaji keria juu ya paa, tena ya kubeba nguo na vitu vyepesi, si mchele. Mzigo mzito juu unaliyumbisha gari kwenye kona. Viazi na ndizi za shambani wapeni watu wa Fuso, hata kama roho inauma kulipia gunia nauli wakati una gari lako mwenyewe.

Mkweo hawezi kukaa kiti cha tatu. Kukifikia inabidi kiti cha katikati kikunjwe na kusogezwa mbele, halafu mtu aingie ameinama huku amenyanyua mguu. Magoti mabovu hayafiki huko. Yeye ni wa mbele, pembeni ya dereva. Katikati ukae wewe, mdogo wa miaka 3 na huyo mrefu wa miaka 14. Nyuma wa 11 na wa 7. Kiti cha mtoto mfungie upande ambao wakubwa hawapitii, la sivyo kila mnaposimama utakifungua kwanza ndipo walioko nyuma watoke. Hapo mmetoshea. Baada ya miaka michache wa 11 atagoma kukaa nyuma, lakini wakati huo huenda kaka yake yuko bweni.

Siku ya kwenda kuona gari, nendeni na mkweo. Aingie mwenyewe na atoke mwenyewe, asishikwe mkono. Mwangalie anapoingia: akikaa kwanza kisha akageuza miguu, kimo cha kiti kinamfaa. Akianza kwa kupandisha goti na kujivuta kwa kushika mlango, gari hilo ni refu kwake na litamsumbua kila Jumapili. Nimeona familia inanunua gari la kifahari kabisa, kisha bibi anaagiziwa bajaji kwa sababu hawezi kulipanda.

Sasa habari ya mlima, ambayo mtu wa Dar hawezi kukushauri vizuri. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na ukitoka Uyole kwenda Tukuyu unapanda Isyonje, zaidi ya mita 2,000. Hewa ya huku juu ni nyepesi. Injini ya petroli isiyo na turbo inapoteza nguvu kiasi cha asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Vanguard ya injini ya lita 2.4 imeandikwa hosipawa 170. Isyonje inabaki na kama 136. X-Trail ya 2.0, ile ya umbo la kuanzia mwishoni mwa 2013, imeandikwa 147. Ukipunguza utabaki chini ya 120. Wapakie watu saba humo uone. Itapanda, ndiyo, lakini kwa kupiga kelele, na giaboksi yake ya CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua, itachemka. Ndiyo maana kwa familia yenu sishauri injini ya 2.0, ingawa mafuta inakula kidogo na ingekufurahisha mjini siku tano za wiki.

Ya mume wako niipitie haraka, kwa heshima zote. Gari jipya kwa wakala ni kitu kizuri kwa mtu ambaye linamwingizia fedha au analipiwa na ofisi. Lenu litakuwa linakwenda kazini, ibadani na shambani. Mtalipa riba miaka mitano kwa kitu kinachoshuka bei tangu siku kinapotoka kwa wakala, na benki itataka bima kubwa kila mwaka mpaka deni liishe. Akitaka kuendelea na wazo lake, amuulize wakala jambo moja: huduma ya dhamana inafanyika Mbeya, au kila kilomita kadhaa mnatakiwa kulipeleka Dar, zaidi ya kilomita 800 kwenda peke yake? Halafu alinganishe marejesho ya mwezi na mapato ya duka la pembejeo mwezi wa saba, wakati wakulima hawanunui mbolea. Najua anajua hesabu hiyo kuliko mimi.

Kluger ya Kabwe sasa. Dalali anayepiga simu mara tatu kwa siku, wahenga walishamsema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini tusilitukane gari kabla ya kuliona. Kluger ni gari gumu, linakalika, na injini yake ya 2.4 ni ya kuaminika ikitunzwa. Hii yenu wanasema ni V6, maana yake injini ya silinda sita, ya lita 3.0. Fungua bonneti, soma kibao cha chesisi. Ikianza na MCU ni V6 kweli. Ikianza na ACU ni 2.4, na hapo mtu anauza V6 ya mdomoni. Mwisho wa herufi hizo ukikuta 25 ni 4WD, yaani inavutwa na matairi yote manne; ukikuta 20 inavutwa na matairi ya mbele tu. Kibao hicho kinasema mengi kuliko dalali, na kukisoma ni bure.

V6 hiyo ya 3.0 inatumia mkanda wa taimingi, si cheni. Mkanda unabadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Sasa unganisha na hizo kilomita 92,000 za dashibodi. Gari lina zaidi ya miaka 20, namba D limeendeshwa Tanzania miaka kadhaa, halafu lina wastani wa chini ya kilomita 5,000 kwa mwaka? Labda lilikuwa la askofu mstaafu. Angalia mpira wa pedeli ya breki, ngozi ya usukani upande wa kulia juu, na ukingo wa kiti cha dereva pale mtu anapojisugua akishuka. Gari la kilomita 92,000 halina pedeli iliyolika mpaka chuma. Ikiwa pedeli imelika, hesabu kwamba mkanda nao umepita umri wake na hakuna aliyeugusa.

Kingine ni hicho kiti cha tatu. Kluger nyingi zilitoka kiwandani na viti vitano. Nimewahi kukunja zulia la buti nikakuta kiti kimefungwa na vyuma vya kuchomelea, bolti za dirisha la nyumba, na mikanda hakuna hata mmoja. Watoto wako wa miaka 11 na 7 ndio wangekaa hapo. Nyanyua zulia, tafuta mikanda miwili iliyotoka ndani ya ukuta wa gari, na kiti kinachokunjika kwa mpini wake bila kupiganishwa. Ukikuta vyuma vya kuchomelea, mshukuru dalali kwa muda wake, uondoke. Hata kama yote ni salama, V6 ya umri huo ikipanda na kushuka kila siku Uyole na mjini itakunywa mafuta mpaka mume wako aanze kuipaki. Na petroli ya Mbeya, kwa bei elekezi za EWURA, huwa juu ya ile ya Dar kwa sababu ya kusafirishwa. Mimi hilo nisingelinunua.

Tuje kwenye Vanguard yako. Gari umelichagua vizuri, njia ya kulipata ndiyo sikubaliani nayo. Vanguard ilitengenezwa kuanzia 2007 hadi 2013. Hata ile ya mwisho kabisa imeshapita miaka 10. Forodha wanatoza ushuru wa kuingiza asilimia 25, halafu ushuru wa bidhaa, ambao kwa injini inayozidi cc 2,000 ni asilimia 10, na gari lililopita miaka 10 linaongezewa asilimia 30 kwa sababu ya uzee wake. Juu ya vyote hivyo inakuja VAT asilimia 18. Kila kodi inapanda juu ya mgongo wa iliyotangulia, mwisho wake kodi inazidi thamani ya gari lenyewe. Na thamani hiyo ni ile iliyoko kwenye mfumo wa TRA, haijalishi wewe Japan umelipa ngapi. Viwango hivi huguswa kwenye bajeti ya mwezi wa sita, kwa hiyo ingia kwenye kikokotoo cha TRA ufanye hesabu wewe mwenyewe kabla ya kumwamini mtu wa kampuni.

Maana yake ni nini? Zaidi ya nusu ya milioni 37 zako ingekuwa ni kodi na gharama za bandarini, na ungebakiwa na milioni moja mkononi. Kwa gari la zaidi ya miaka 10, kubakiwa na milioni moja ni hatari kuliko tope la Rungwe. Vanguard ambayo tayari iko nchini, kodi hiyo alishailipa mwingine. Hiyo ndiyo ninayotaka mtafute: Vanguard ya 2.4, viti saba, 4WD, mmiliki mmoja tangu iingie nchini, kadi iko mikononi mwake na si kwa mjomba wake. Bei isizidi milioni 30. Zinazobaki nitakuambia ziende wapi.

Kibao cha chesisi tena. ACA33 ni 4WD. ACA38 ni ya matairi mawili. GSA33 ni V6 ya 3.5, achana nayo kwa sababu ile ile ya mafuta. Watu wanauza ACA38 kwa jina la 4WD kila siku, na mnunuzi anakuja kugundua mwezi wa nne akiwa ndani ya mtaro. Kama husomi kibao, chungulia chini: 4WD ina shafti ndefu inayokwenda nyuma mpaka kwenye difu. Elewa pia kwamba 4WD ya magari haya si ya Land Cruiser. Kwa kawaida yanavutwa na matairi ya mbele, ya nyuma yanaamshwa mbele pakianza kuteleza, na kuna kitufe cha LOCK cha kusaidia kwa mwendo mdogo. Kwa kipande chenu cha udongo inatosha, ikiwa matairi yana meno. Udongo wa Rungwe ni wa volkano, ukilowa unateleza kama sabuni, na tairi kipara halisaidiwi na kitufe chochote.

Injini ya 2.4 ya Vanguard ina ugonjwa mmoja unaojulikana: kula oili. Pete za pistoni zinaziba vitundu vyake kwa masizi, oili inabaki kwenye kuta za silinda na kuungua pamoja na petroli. Marekani, Toyota yenyewe ilirefusha dhamana ya baadhi ya magari yenye injini hii kwa sababu hiyo. Si kila moja inaugua, na iliyobadilishwa oili kwa wakati mara nyingi imepona. Ila lazima uipime, na hapa Mbeya tuna kipimo cha bure ambacho Dar hawana.

Mwambie muuzaji utakuja saa kumi na mbili na nusu asubuhi na gari lisiwashwe kabla hujafika. Weka kiganja kwenye bonneti. Likiwa la moto, rudi siku nyingine, maana injini yenye maradhi hupashwa moto ili isikohoe mbele ya mgeni. Likiwa baridi, chomoa kijiti cha oili, futa, chomeka, chomoa tena, piga picha kiwango kwa simu. Washa. Sikiliza mlio wa cheni sekunde za mwanzo, na mwambie mtoto wa miaka 14 asimame nyuma aangalie moshi. Ukungu mweupe wa asubuhi ya Uyole usiuogope, ni mvuke wa maji, unapotea. Moshi wa bluu ndio oili.

Kisha twendeni Isyonje. Muuzaji akikataa, huyo ameshajibu. Mkipanda, gari liwe na watu watano angalau, na uangalie mambo mawili: mshale wa joto usitikisike kutoka katikati, na giaboksi isivute kwa kusitasita kama mtu anayeachia na kushika kamba. Juu pale geuza, ushuke kurudi Uyole ukiwa umetoa mguu kwenye mafuta, gia ukiwa umeishusha kwa mkono ili injini ndiyo ishike mwendo. Mteremko unapoisha kanyaga mafuta kwa nguvu, huku mwenzio akitazama kioo cha nyuma. Wingu la bluu likitoka hapo, oili imepita. Mkifika, subiri injini ipoe kidogo, chomoa kijiti tena, linganisha na picha. Mteremko huo huo umeshakupima na breki: usukani ukitetemeka ukikanyaga, diski zimepinda; pedeli ikizama polepole, kuna kuvuja au mafuta ya breki yamenyonya maji miaka mingi na yanachemka.

Muulize pia mafuta ya giaboksi yalibadilishwa lini na ni aina gani. CVT ina mafuta yake. Kuna mafundi wazuri tu, wa Corolla na Mark II, wanaoijaza mafuta ya giaboksi ya kawaida kwa kudhani ni kitu kimoja, na baada ya muda giaboksi inaanza kuteleza. Akikujibu kwamba hayabadilishwi maisha yote, hayo ni maisha ya giaboksi.

Ukikosa Mbeya na ikabidi ununue yadi ya Dar, angalia matairi. Pembeni ya tairi kuna tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mengine huja yameandikwa STUDLESS, hayo ni ya theluji, ni laini na lami ya joto inayala upesi. Badilisheni oili, mafuta ya breki na kipoza injini huko huko Dar kabla ya safari. Gari ambalo limekaa melini na yadini miezi kadhaa, safari yake ya kwanza ya maana isiwe kupanda Kitonga na mafuta ya Japan.

Kuhusu mengine niliyoyataja na nisiyoyataja. Mazda CX-8 ya dizeli ingewafaa kuliko zote, kiti chake cha tatu mtu mzima anakaa, na turbo haijali mwinuko. Lakini ilianza kuuzwa mwishoni mwa 2017, bei yake iko mbali na milioni 38, na dizeli ya kisasa yenye kichujio cha masizi haipendi safari fupi za Uyole na Mwanjelwa kila siku, kichujio kinaziba. Noah shemeji yako atacheka, ila kama kile kipande cha udongo kisingekuwepo ningekwambia Noah na barua ingeishia hapo: milango ya kusogeza, sakafu ya chini kwa magoti ya mkweo, viti vinane, na nyuma pana mahali pa ndoo. Halmashauri wakiweka lami, kumbuka neno hili.

Zile milioni nane zilizobaki ni za gari lile lile. Matairi manne mapya ya chapa inayoeleweka, tena msipunguze hapo. Pedi na mafuta ya breki. Oili, plagi, mafuta ya CVT, bushi na shokapu, kwa sababu gari la umri huo lililoendeshwa huku kwetu lazima lina bushi zilizokufa. Bima. Zitakazosalia mziweke kwenye akaunti, zisiguswe hata na msimu wa mbolea. IST msiiuze mwezi wa kwanza, mpaka Vanguard imekwenda shambani na kurudi ikiwa na kiwango kile kile cha oili.

Kadi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 60, inasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja inachukuliwa kuwa ni yake mwenye jina, isipokuwa uletwe ushahidi wa kupinga. Ikiwa kwa majina ya wote wawili inachukuliwa kuwa ni yenu kwa usawa. Kwa hiyo sioni sababu ya kugombana na mumeo kuhusu baba mwenye nyumba ni nani. Mwombe mkataba wa mauzo uwataje wote wawili kuwa wanunuzi, uandikwe mbele ya wakili, na fedha ya muuzaji itoke benki kwenye akaunti zenu, milioni 24 kutoka kwako na zinazobaki kutoka kwake. Stakabadhi zako weka nakala. Mtu mwenye nia njema hana cha kupinga hapo, na mumeo kwa barua yako naona ni mtu wa nia njema mwenye haraka ya gari jipya.

Kabla ya kulipa, hakikisheni kwenye mfumo wa polisi kwamba gari halina deni la faini za barabarani, na TARURA kwamba hakuna deni la maegesho. Jina kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayesaini, na umiliki uhamishwe TRA mapema, si baada ya Krismasi ya Iringa.

Shemeji yako mpeni kazi ya kuchungulia shafti na difu chini ya gari. Atajisikia yumo, na kweli anahitajika mtu wa kulala chini.

Mkipata linalowavutia, nitumie picha ya kibao cha chesisi na ya kijiti cha oili kabla hamjatoa advansi. Baada ya advansi usinitumie, nitakuwa nakupa pole tu. Ndaga fijo, na msalimie mkweo.

Mzee wa Gereji